Kupanga mbinu za kukimbia besi katika besiboli ya kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na watu wanaosimamia timu katika Out of the Park Baseball (hapa chini tutaiita OOTP), Diamond Mind Baseball na Strat-O-Matic, ile ya kadi na dadu. Katika michezo hii wewe si mchezaji, ni kocha. Hubonyezi kitufe ili mtu akimbie. Unaweka mpangilio, kisha mchezo unaamua kwa niaba yako msimu mzima, mechi 162. Mpangilio mbaya hautakufungisha mechi moja kwa kishindo. Utakupunguzia pointi kidogo kidogo mpaka Septemba ushangae umekosaje nafasi ya mtoano.

## Mambo ya msingi

1. Mipangilio ya kukimbia inasimamia nini hasa?

Inasimamia maamuzi ya aina tatu. Ya kwanza ni kuiba besi: mrushaji anapoanza kurusha, mkimbiaji anachomoka bila kusubiri mpira upigwe. Ya pili ni kuchukua besi ya ziada: mpira umeshapigwa, na aliyekuwa besi ya kwanza anaamua kama atasimama ya pili au ataunganisha hadi ya tatu, au aliyekuwa ya pili anaamua kama atajitosa nyumbani, yaani besi ya mwisho ambako pointi inafungwa. Ya tatu ni piga-na-kimbia, ambapo mkimbiaji anachomoka na mpigaji ana amri ya kuugonga mpira kwa vyovyote.

OOTP ina kipimo cha wizi na kipimo cha kukimbia besi, kila kimoja peke yake. Wageni wengi wanataka timu ichukue besi za ziada, wanapandisha kipimo cha wizi, kisha wanalalamika kwamba watu wanakamatwa ovyo. Kabla ya kugusa chochote, jiulize ni uamuzi upi kati ya hii mitatu unaotaka kuubadilisha.

2. Sijawahi kuiona besiboli uwanjani. Nitaweza?

Utaweza. Aliyecheza raundas shuleni ameshaonja sehemu kubwa ya mchezo huu. Na besiboli yenyewe si ngeni kabisa kwetu: mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania.

Kwa ajili ya ukurasa huu unahitaji kujua jambo moja. Kila timu ina awamu tisa za kupiga, na kila awamu inaisha watu watatu wakitolewa, yaani auti tatu. Jumla ni auti 27. Hizo ndizo mtaji wako wote wa siku. Mpigaji akishindwa kufika besi, auti moja imekwenda, na hilo huna namna ya kulizuia kabisa. Lakini mkimbiaji aliyekuwa amesimama salama kwenye besi akikamatwa, umeitoa auti mwenyewe, na mtu uliyekuwa naye umempoteza pia.

3. Mchezaji mwenye kasi si ndiye mwizi mzuri wa besi?

Si lazima. OOTP inatenganisha sifa tatu: kasi ya miguu, uwezo wa kuiba, na ustadi wa kukimbia besi. Kasi ni kasi tu. Uwezo wa kuiba ni kumsoma mrushaji na kujua sekunde ya kuchomoka. Ustadi wa kukimbia besi ni kuusoma mpira uliopigwa: utadakwa au utaanguka, mlinzi wa nje ameuendea vizuri au ameupapasa.

Utakutana na kijana mwenye kasi ya hali ya juu na uwezo wa kuiba wa chini. Huyo msimamishe wizi, lakini mwache achukue besi za ziada. Utakutana pia na mzee wa miaka 34 ambaye kasi imemwisha ila ustadi umebaki. Huyo ataunganisha toka ya kwanza hadi ya tatu mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu huanza kukimbia mapema. Ukipanga kwa kuangalia kasi peke yake, wote wawili utawatumia vibaya.

4. Kwa nini kila mjuzi anataja "matarajio ya pointi"?

Kwa sababu bila hayo tunabishana kwa hisia. Matarajio ya pointi ni wastani wa pointi ambazo timu hupata kuanzia hali fulani hadi mwisho wa awamu. Jedwali hili ni la ligi kuu ya Marekani, MLB, misimu ya 2010 hadi 2015:

| Walioko besi | Auti 0 | Auti 1 | Auti 2 |
|---|---|---|---|
| Hakuna | 0.481 | 0.254 | 0.098 |
| Ya kwanza | 0.859 | 0.509 | 0.224 |
| Ya pili | 1.100 | 0.664 | 0.319 |
| Ya tatu | 1.350 | 0.950 | 0.353 |
| Ya kwanza na ya pili | 1.437 | 0.884 | 0.429 |
| Ya kwanza na ya tatu | 1.784 | 1.130 | 0.478 |
| Ya pili na ya tatu | 1.964 | 1.376 | 0.580 |

Lisome hivi. Una mtu besi ya kwanza, hakuna auti: unatarajia pointi 0.859. Akiiba ya pili unafika 1.100, yaani umeongeza 0.241. Akikamatwa unabaki huna mtu na auti moja: 0.254, yaani umepoteza 0.605. Hasara ni mara mbili na nusu ya faida. Karibu kila jibu hapa chini linatoka kwenye hesabu ya namna hii, kwa hiyo tumia dakika kumi kulizoea jedwali kabla ya kuendelea.

## Kuiba besi

5. Mkimbiaji afanikiwe asilimia ngapi ndipo nimruhusu kuiba ya pili?

Kizingiti, yaani asilimia ambayo faida na hasara zinalingana, kwa jedwali la swali la 4 ni kama ifuatavyo: bila auti ni 71.5, auti moja ni 72.6, auti mbili ni 70.2. Kwa ufupi, karibu 72.

Usisome hapo kwamba mtu wa 73 anakusaidia. Anakurudishia gharama tu. Chukua majaribio 100 ya kuiba ya pili bila auti. Mwizi wa asilimia 75 anakuletea pointi 18.1 na kukupotezea 15.1: unabaki na pointi 3 kwa purukushani zote hizo. Mwizi wa asilimia 85 anakuletea 20.5 na kupoteza 9.1: unabaki na 11.4. Ongezeko la asilimia kumi limezidisha faida karibu mara nne.

Ndiyo sababu mimi huweka hivi: anayetarajiwa kuvuka 80, kipimo chake kiwe juu, kati ya 73 na 80, kiwe cha kati na chini ya kati, chini ya hapo, zima kabisa. Kwa mchezaji mpya asiye na takwimu, tegemea sifa ya uwezo wa kuiba, si kasi (swali la 3).

6. Lakini mabingwa wa kuiba walikamatwa mara nyingi. Mbona wanasifiwa?

Wengine wanastahili sifa kuliko wengine. Rickey Henderson ndiye mwenye rekodi ya maisha, besi 1,406, na mwaka 1982 akiwa Oakland aliiba 130, rekodi ya msimu mmoja kwa zama hizi. Msimu huo huo alikamatwa mara 42, sawa na mafanikio ya asilimia 75.6. Ukipitisha namba hizo kwenye hesabu ya swali la 5, faida ya wizi wake mwaka ule ilikuwa ndogo kuliko kelele zake. Thamani kubwa ya Henderson ilikuwa kufika besi ya kwanza mara nyingi mno.

Tim Raines, aliyeng'ara zaidi akiwa Montreal, aliiba 808 na kukamatwa 146 tu, karibu asilimia 85. Ukiwapata wawili wa namna hii kwenye timu moja, wa aina ya Raines ndiye wa kumwachia kamba ndefu. Na kwa zama zetu kuna Shohei Ohtani: mwaka 2024 aliiba 59, akakamatwa mara 4.

7. Je, kuiba besi ya tatu?

Hapa idadi ya auti inabadilisha kila kitu. Kutoka ya pili kwenda ya tatu bila auti, kizingiti ni asilimia 77. Auti moja kinashuka hadi 66. Auti mbili kinapaa hadi 90. Sababu iko wazi ukilitazama jedwali: aliye ya tatu na auti moja anaweza kufunga kwa mpira wa juu uliodakwa mbali au mpira uliobiringika chini, mambo ambayo aliye ya pili hayamfikishi nyumbani. Zikiwa auti mbili, mipira hiyo inamaliza awamu, kwa hiyo kusogea kwake hakukupi kitu: 0.319 kwenda 0.353.

Mchezo wako ukikuruhusu kupanga kwa idadi ya auti, ruhusu wizi wa ya tatu kwenye auti moja peke yake. Usipokuruhusu, weka chini.

8. Mpigaji anayefuata anahusika vipi?

Sana. Jedwali ni wastani wa wapigaji wote, na mpigaji wako si wastani. Akiwa mtu wa homurani, yaani pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja ambalo huwafungisha wote walioko besi, mkimbiaji atafunga akiwa besi ya kwanza sawasawa na akiwa ya pili, basi kumhatarisha kwa nini? Akiwa mtu wa mapigo ya besi moja, yanayomfikisha ya kwanza tu, tofauti kati ya kusimama ya kwanza na ya pili ndiyo tofauti kati ya kufunga na kutofunga.

Mfano unaotajwa hadi leo ni wa Oktoba 1926. Mechi ya saba ya World Series, fainali ya ubingwa wa MLB, Yankees wako nyuma ya Cardinals 3–2, awamu ya tisa, auti mbili. Babe Ruth amepewa besi ya kwanza bure, kwa mrushaji kumrushia mipira minne mibaya. Bob Meusel yuko kwenye kupiga, na nyuma yake anasubiri Lou Gehrig. Ruth akachomoka kuelekea ya pili. Mdakaji, anayepokea mpira nyuma ya mpigaji, Bob O'Farrell, akamrushia Rogers Hornsby, na ubingwa ukaishia pale. Katika maisha yake yote ya ligi kuu Ruth ana wizi 123 na kukamatwa 117 kwenye rekodi zilizopo. Kocha wa kompyuta mwenye mpangilio mzuri angekuwa amemzima zamani.

Kwa vitendo: kwenye mpangilio wa kila mchezaji, shusha kipimo cha wizi kwa wanaopiga mbele ya wapigaji wako wawili wenye nguvu, na upandishe kwa anayepiga nafasi ya saba au ya nane kama ana miguu. Utamaduni unasema mwizi apige wa kwanza. Mimi sioni haja ya kuufuata kama nafasi ya pili na ya tatu zina watu wa homurani 35.

9. Je, mchezo unazingatia mrushaji na mdakaji wa wapinzani?

Michezo yote mitatu inazingatia. Katika OOTP mrushaji ana sifa ya kuwabana wakimbiaji, na mdakaji ana sifa ya mkono. Mrushaji wa mkono wa kushoto anamtazama uso kwa uso aliye besi ya kwanza, na mara nyingi ni mgumu zaidi kuibiwa. Kipimo chako kinasema timu ina hamu kiasi gani. Mchezo ndio unaopima hamu hiyo dhidi ya waliopo uwanjani.

Kabla ya mfululizo wa mechi na timu yenye mdakaji hodari, shusha kipimo cha timu hatua moja au mbili. Kama unacheza mechi moja moja na si kuruka msimu, kazi hii ndogo inalipa.

10. Ninacheza misimu ya zamani. Kizingiti ni kile kile?

Hapana. Pointi zikiwa adimu, besi moja inapanda thamani na kizingiti kinashuka. Pointi zikiwa tele, mkimbiaji atafunga tu akitulia, na kizingiti kinapanda. Mwaka 1968 timu ya MLB ilipata wastani wa pointi 3.42 kwa mechi. Mwaka 2000 ilipata 5.14. Kuiba 1968 na kuiba 2000 ni mambo mawili.

Cardinals wa 1985 chini ya Whitey Herzog waliiba besi 314, Vince Coleman peke yake 110, na wakatwaa ubingwa wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, kwa homurani 87 tu msimu mzima. Timu iliyojengwa hivyo lazima ikimbie. Ukiichukua na kuiwekea vipimo vya kati, umeivua silaha yake kubwa.

Halafu kuna 2023. MLB ilipanua besi kutoka inchi 15 hadi 18, ikaweka saa ya kumhimiza mrushaji, na ikamwekea ukomo: akiacha kumrushia mpigaji na kumgeukia mkimbiaji mara mbili kwa mpigaji mmoja, ya tatu lazima imkamate mkimbiaji, la sivyo mkimbiaji anasogea bure. Wizi ukaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503, na mafanikio kutoka asilimia 75.4 hadi 80.2. Ukicheza na ligi ya sasa huku ukitumia ushauri wa mwaka 2012, utakuwa mwoga kupita kiasi.

## Kuchukua besi ya ziada

11. Nina mtu besi ya pili, limepigwa pigo la besi moja. Lini ajitose nyumbani?

Kwangu hili ndilo swali muhimu kuliko yote ya ukurasa huu, kwa sababu hali hii inatokea mara nyingi kuliko nafasi nzuri za kuiba, na majibu yake yanatofautiana vikali kwa idadi ya auti:

Bila auti, kizingiti ni asilimia 94. Asiende mpaka iwe karibu hakika, kwa sababu akisimama ya tatu huku mpigaji yuko ya kwanza, tayari una hali ya pointi 1.784.

Auti moja, kizingiti ni 71.

Auti mbili, kizingiti ni 39. Aende! Hata akiwa na nafasi nne kati ya kumi, aende. Akibaki ya tatu unategemea mpigaji anayefuata apige, na wapigaji wengi hushindwa mara saba katika kumi.

Mkimbiaji ni yule yule na mkono wa mlinzi ni ule ule, lakini uamuzi sahihi ni kinyume kabisa kulingana na auti. Kipimo kimoja cha "uchokozi" hakiwezi kubeba hilo peke yake. Tazama swali la 13.

12. Na kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa pigo la besi moja?

Bila auti na kwa auti moja kizingiti ni 73. Kwa auti mbili ni karibu 90, kwa sababu ile ile iliyoelezwa katika swali la 7. Pigo likienda kulia, mlinzi ana safari ndefu ya kurusha hadi ya tatu. Likienda kushoto yuko karibu. Michezo hii inalijua hilo yenyewe.

13. Mchezo wangu una kipimo kimoja tu cha uchokozi. Nikiweke wapi?

Juu kidogo ya kati kwa timu nzima, kisha urekebishe mchezaji mmoja mmoja. Sababu yangu ni hii: kwenye auti mbili mkimbiaji aliye ya pili anastahili kujitosa hata kwa nafasi finyu, na timu yenye kipimo cha chini humsimamisha. Pointi hizo hazionekani kwenye takwimu za walionaswa, kwa hiyo kocha mwoga hajui anachokosa. Anayekamatwa nyumbani unamwona. Anayesimama ya tatu na kuachwa hapo humwoni.

Wakati huo huo, wazito wako wote, mara nyingi mdakaji na mlinzi wa besi ya kwanza, washushe hadi chini kabisa mmoja mmoja. Kwao hakuna hali nyingi zinazovuka 73.

Usipandishe kipimo hadi mwisho. Huko juu timu huanza kujitosa nyumbani bila auti kwa uwezekano wa 80, jambo linaloonekana la kishujaa na ni hasara tupu kwa hesabu ya swali la 11.

14. Ninacheza Strat-O-Matic ya kadi. Hesabu hizi nazitumiaje mezani?

Kwa urahisi kuliko kwenye kompyuta, kwa sababu uwezekano umeandikwa mbele yako. Kila kadi ina namba ya kukimbia, kuanzia 1–8 ya mzito hadi 1–17 ya mwenye mbio, na unarusha dadu ya pande 20. Mkono wa mlinzi wa nje unaongeza au kupunguza, na auti zikiwa mbili unaongeza 2.

Tuseme mkimbiaji wa 1–14 yuko ya pili, pigo la besi moja limemwendea mlinzi mwenye mkono wa −2. Bila auti: 14 toa 2 ni 12, yaani 12 kati ya 20, asilimia 60. Kizingiti ni 94. Msimamishe, na usibishane na nafsi. Hali hiyo hiyo kwa auti mbili: 14 toa 2 ongeza 2 ni 14, asilimia 70. Kizingiti ni 39. Mtume bila kusita, na hata mzito wa 1–10 angefika 10 kati ya 20, asilimia 50, naye mtume.

Andika 94, 71 na 39 kwenye kikaratasi ukiweke kando ya dadu.

## Mwisho wa mechi na hali za alama

15. Awamu ya tisa, tumefungana au niko nyuma kwa pointi moja. Nibadilishe nini?

Hapa huhitaji tena wastani wa pointi nyingi, unahitaji moja. Kizingiti cha kuiba ya pili kinashuka hadi karibu na 60. OOTP inakuruhusu kupanga mbinu kwa awamu na kwa tofauti ya alama. Kwenye visanduku vya awamu za mwisho, sare na nyuma kwa moja, pandisha wizi, na weka mkimbiaji wa akiba benchi kwa ajili hiyo.

Oktoba 17, 2004, Boston walikuwa nyuma 4–3 dhidi ya Yankees, awamu ya tisa, na tayari wamepoteza mechi tatu za mwanzo katika mfululizo wa mtoano ambao mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi nne. Kevin Millar akapata besi bure. Akaingizwa Dave Roberts kukimbia badala yake. Mrushaji Mariano Rivera alirusha besi ya kwanza mara tatu kumbana kabla ya kumrushia mpigaji hata mpira mmoja. Kila mtu uwanjani alijua, na Roberts akachomoka kwenye mpira wa kwanza. Jorge Posada alirusha vizuri, lakini mkono wa Roberts ulitangulia mguso wa Derek Jeter. Bill Mueller akapiga la besi moja, Roberts akafunga, na Boston wakashinda mechi hiyo katika awamu ya 12 na mfululizo wote 4–3. Roberts ndiye mtu wa kuwa naye benchi hata kama hapigi.

16. Niko nyuma kwa pointi tano. Nikimbie zaidi ili kuchangamsha timu?

Hapana. Programu haina morali ya kuchangamshwa na wizi. Ukiwa nyuma kwa nyingi, unahitaji watu wengi kwenye besi, na kila auti ni ghali mara dufu. Zima wizi, shusha besi ya ziada. Ukiwa mbele kwa nyingi, zima pia, safari hii kwa sababu ya majeraha: katika OOTP mchezaji anaweza kuumia akikimbia besi.

17. Awamu za ziada zinaanza na mtu besi ya pili. Nimwibishe ya tatu?

Kanuni hiyo ilianza MLB mwaka 2020. Kama wewe ni mwenyeji na wageni hawakufunga, pointi moja inamaliza mechi, na kizingiti cha kuiba ya tatu bila auti kinashuka chini ya ile 77 ya swali la 7. Mwizi wa kweli mruhusu. Kama wewe ni mgeni, unapiga kwanza na hujui pointi moja itatosha. Baki na mpangilio wa kawaida.

## Kesi za pembeni

18. Piga-na-kimbia ina faida?

Kwa wapigaji wachache tu: wanaoukosa mpira kwa nadra na wasio na nguvu ya homurani. Mpigaji akikosa, mkimbiaji aliyechomoka mara nyingi si mwizi na anakamatwa. Weka chini kwa timu, pandisha kwa mchezaji mmoja au wawili wa aina hiyo.

19. Wizi wa wawili kwa pamoja?

Una watu ya kwanza na ya pili bila auti. Wakifaulu wote unatoka 1.437 hadi 1.964. Mdakaji akimkamata wa mbele, bado mwenzake yuko ya pili na auti moja: 0.664. Kizingiti ni kama 60, chini ya wizi wa kawaida. Kinachoamua ni mkimbiaji wa mbele, kwani ndiye anayerushiwa mara nyingi.

20. Nitajuaje kama mpangilio wangu unafanya kazi kweli?

Si kwa mwezi mmoja. Mwizi wa kweli wa asilimia 75 akijaribu mara 100, bahati peke yake inaweza kumpeleka popote kati ya 67 na 83 au hata kupita hapo. Majaribio 20 ya Aprili hayakwambii lolote, na kubadilisha vipimo kila wiki kwa kufuata majaribio hayo ni kuyafukuza makelele.

Njia ya uhakika: nakili faili la ligi, endesha msimu ule ule mara nyingi kwa mpangilio wa kwanza, kisha idadi ile ile kwa wa pili, na linganisha wastani wa pointi za timu nzima, si idadi ya wizi. Pointi kumi hivi za ziada ni sawa na ushindi mmoja wa ziada. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo andika kila mpangilio na matokeo yake. Baada ya misimu mitatu hutakumbuka ulikuwa umeweka nini.

Kagua upya kila mwanzo wa msimu. Kasi ndiyo sifa inayotangulia kuondoka mtu anapozeeka, na mchezaji uliyempandishia kipimo akiwa na miaka 25 atakuwa bado na kipimo kile kile akiwa na 32, usipomgusa.

21. Na kuiba nyumbani?

Kwa auti mbili kizingiti ni 32 tu, kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa auti moja ni 74, bila auti ni 89. Jackie Robinson alifanya hivyo katika mechi ya kwanza ya World Series ya 1955, Yogi Berra akiwa mdakaji, na Berra alishikilia kwa miaka yote iliyofuata kwamba alimgusa kabla hajafika. Brooklyn walipoteza mechi hiyo 6–5.

Ukiendesha timu mwenyewe mpira kwa mpira, ifikirie pale tu ambapo pana auti mbili, mrushaji anajivuta taratibu, na mpigaji wako ni dhaifu kiasi kwamba nafasi yake ya kupiga haifiki hiyo moja kati ya tatu. Ukiruka msimu mzima kwa mpangilio wa moja kwa moja, usiipangie.